Uzi: Peptidi na dawa za kansa – kuingia ndani ya seli ni nusu ya safari

#1 Bawabu_wa_Seli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi michache inazunguka habari ile ile kwenye makundi: wanasayansi wamepata "ufunguo" wa kupenyeza dawa ya kansa ndani ya seli, basi kansa kwishnei. Juzi kaka yangu kanitumia nyingine, chini kaandika: "Hii si ndiyo ilikuwa kazi yako?" Ilikuwa. Miaka mitatu na ushee nimeshinda maabara na vichupa vya peptidi na hadubini, napewa matumaini asubuhi, nanyang'anywa jioni. Nimeona niandike kwa sababu habari hizo huishia pale pale kazi inapoanzia. Ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Tuanze na ukuta. Seli imezungushiwa utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi. Ukipanga tando kama hizo 200 ndipo unapata maikromita moja. Mwembamba, ila mkaidi. Molekuli ndogo inayopatana na mafuta inapita. Kubwa, au yenye chaji ya umeme, inabaki nje inabisha hodi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Protini ni mnyororo wa aina ile ile, mrefu zaidi. Insulini yenye asidi amino 51 iko mpakani. Kwa hesabu za kawaida, peptidi iliyojaa chaji haikupaswa kupita.

Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti Marekani, kila moja kivyake, yakaripoti jambo la ajabu. Yalichukua Tat, protini ya virusi vya Ukimwi, yakaiweka kwenye majimaji yenye seli, ikaingia yenyewe na kufanya kazi yake mle ndani. Miaka michache baadaye kundi la Alain Prochiantz kule Paris likaona hali hiyo hiyo kwa protini ya nzi wa matunda inayoitwa Antennapedia (ile ambayo jeni lake likivurugika, nzi anaota miguu kichwani mahali pa vipapasio). Mwaka 1994 wakaonyesha kwamba kipande chake chenye asidi amino 16 tu kinatosha kuingia, wakakiita penetratini. Tat nayo ikaja kupunguzwa hadi karibu herufi hizi: GRKKRRQRRR. R ni arginini, K ni laisini. Hesabuni wenyewe: kati ya 10, 8 zina chaji chanya.

Siri iko zaidi kwenye arginini. Uso wa seli umejaa fosfati na salfati zenye chaji hasi. Laisini inaishika fosfati kwa mkono mmoja, arginini inaishika kwa miwili. Ndiyo maana mnyororo wa arginini 8 au 9 tupu unaingia vizuri kuliko wa laisini, ingawa chaji ni sawa.

Hapo ndipo habari za mitandaoni zinapoishia. Peptidi inaingia, funga dawa mgongoni mwake, kansa imekwisha. Nitarudi kueleza kilichonipata mimi.

#2 Kauzu_Mstaafu

Nimekaa mbele. Endelea mkuu.

#3 Mchokonozi

Mleta uzi, samahani nikukatize kabla hujafika mbali. Dawa za kansa si zinaingia zenyewe ndani ya seli? Mama alitumia doksorubisini, ile nyekundu. Naikumbuka inavyoshuka kwenye mrija, na siku hiyo hata mkojo ukatoka mwekundu, tukashtuka tukidhani ni damu. Ile ilifika kwenye seli bila peptidi yoyote. Sasa huyo mpagazi ni wa nini?

#4 Bawabu_wa_Seli

Mchokonozi, umegonga penyewe kabisa. Natamani waandishi wa habari wangeuliza hilo.

Ni kweli. Doksorubisini inapita utando yenyewe, paklitakseli vilevile. Shida yake ni kwamba haina macho. Inaingia seli ya uvimbe, inaingia ya kinyweleo, inaingia ya moyo. Kwa moyo madhara yanajumlishwa kila dozi, ndiyo maana madaktari wanaandika jumla ya maisha yote ya mgonjwa na kwa kawaida hawataki ifike miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, wengi husimama mapema zaidi. Muulize mama kama alipimwa moyo kabla ya kuanza. Lazima alipimwa.

Halafu kuna seli za kansa zilizojifunza kutapika dawa. Zina pampu kwenye utando, P-glikoprotini, inayoidaka doksorubisini na kuirudisha nje. Dawa iliyofungwa kwenye peptidi inaweza kupita njia nyingine na pampu ikaikosa. Kwenye sahani ya maabara hili limeonekana mara nyingi.

Na kuna mizigo isiyoweza kuingia kabisa: protini nzima, vipande vya RNA. Hiyo bila mpagazi haisogei.

Kwa hiyo kwa dawa za kawaida za kemo, mpagazi anatafutwa kwa ajili ya kuchagua mlango. Sasa jiulize: Tat inachagua? Haichagui. Uso wa karibu kila seli mwilini una minyororo ya sukari yenye chaji hasi, na Tat inanasa popote pale. Ukichoma mshipani, ini na figo zinajihudumia kwanza, uvimbe unapata makombo.

#5 Bawabu_wa_Seli

Sasa kisa changu.

Nilikuwa mgeni maabara. Nikachukua Tat iliyofungwa rangi inayong'aa kijani, nikaimimina kwenye seli za kansa, nikasubiri saa moja, nikaosha, nikazituliza kwa formalini, dawa inayoua seli na kuzishika zilivyo, nikazipeleka chini ya hadubini. Wakuu, kijani kila mahali! Seli nzima inawaka, kiini ndicho kinawaka kuliko vyote. Nikapiga picha, nikamkimbilia msimamizi wangu nikihema. Hata hakuitazama. Akauliza tu: "Zilikuwa hai?"

Kesho yake nikarudia bila formalini, seli hai. Mng'ao ule umepotea. Kilichobaki ni vitone vitone vya kijani, kama madoa ya chui, vimezunguka kiini, na kiini chenyewe cheusi ti! Akaniambia sasa ongeza tripsini, kimeng'enya kinachokata minyororo penye arginini na laisini, tusafishe kilichoganda nje. Mwanga ukashuka tena. Nilikaa pale nikiangalia kioo, picha ya jana nimeshaiweka kwenye simu kama pazia la mbele.

Formalini ilikuwa imetoboa utando na peptidi iliyokuwa imeganda nje ikavuja hadi kiini. Kumbe mtego huo ulishaandikwa mwaka 2003, na miongoni mwa walioandika walikuwemo watu wa Montpellier, Ufaransa, ambao wao wenyewe walikuwa waanzilishi wa kazi ya Tat. Walipima upya, wakasema waziwazi kwamba sehemu ya kile kilichoaminika kwa miaka kilitokana na kuzituliza seli kwa dawa za namna hiyo. Ninawaheshimu kwa hilo kuliko kwa uvumbuzi wenyewe.

Vile vitone ni nini? Ni vifuko. Seli haikupitisha peptidi ukutani, iliimeza: utando ukajikunja kwenda ndani, ukajifunga, ukawa kifuko kinachoitwa endosomu. Kifuko kinasafiri, na njiani kinazidi kuwa na asidi. Nje pH ni 7.4, ndani ya kifuko inashuka hadi 6, kisha 5, mwisho kinaungana na lisosomu, ambako kuna vimeng'enya vya kukatakata kila kitu. Dawa yako iko ndani ya seli, ndiyo, lakini imefungiwa kwenye sanduku na sanduku linapelekwa kwenye kinu.

Kutoka kwenye kifuko hicho kabla hakijafika kinuni ndiko kulikoniumiza kichwa miaka yote iliyobaki.

#6 Binti_Kokotoo

Hapo kwenye "seli iliimeza" nina pingamizi dogo. Zipo tafiti zinazoonyesha peptidi za arginini zikipita utando moja kwa moja, bila kifuko, rangi inasambaa seli nzima kwenye seli HAI. Zote hizo ni makosa?

#7 Bawabu_wa_Seli

Hapana, umesema kweli na niliruka. Ukiongeza kiwango, mara nyingi kuanzia maikromola 10 hivi kwenda juu, peptidi za arginini zinaanza kupita moja kwa moja hata kwenye seli hai. Nimeiona mwenyewe: unakaa unaangalia vitone, ghafla seli moja inafurika kijani, jirani yake bado.

Shida ni kwamba maikromola 10 kwenye sahani ni kazi ya kupima tu. Pembeni ya uvimbe, ndani ya mtu, baada ya damu kuichanganya, vimeng'enya kuitafuna na figo kuichuja, ni habari nyingine. Na peptidi iliyojaa arginini na laisini ni chakula halisi cha vimeng'enya vya aina ya tripsini. Ndiyo maana watu hutumia asidi amino za mkono wa kulia, yaani taswira ya kioo ya zile za asili. Kimeng'enya kikifika kinakuta kitu hakimkai mkononi, kinaachana nacho. Au wanaunganisha ncha mbili za mnyororo uwe pete, pasiwe na mahali pa kuanzia kung'ata.

Hizo za pete zina zawadi nyingine. Kundi la Dehua Pei, chuo cha Ohio State, lilitengeneza pete ndogo zenye arginini ambazo zinatoka kwenye endosomu vizuri kuliko Tat kwa mbali. Maelezo yao ni kwamba zinajibana kwenye ukuta wa kifuko kutokea ndani, ukuta unachomoza kama kiputo kidogo, kiputo kinachomoka, kisha kinapasuka na kumwaga vilivyomo. Nilipoona video za hizo nilisahau machungu ya formalini kwa wiki nzima.

#8 Kauzu_Mstaafu

Sasa kama Tat haichagui mlango, nani anachagua?

#9 Bawabu_wa_Seli

Hapo tunaingia ukoo mwingine wa peptidi. Hizi kazi yake ni kunusa.

Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba herufi tatu tu, RGD, ndizo zinazoshikwa na seli kwenye protini ya fibronektini. Kinachozishika ni vipokezi viitwavyo intigrini, na baadhi ya intigrini hizo hujaa kwenye mishipa mipya ya damu ambayo uvimbe unajichimbia. Kwa hiyo RGD ni anwani.

Anwani nyingine zilipatikanaje? Kwa ujanja ninaoupenda kuliko yote katika fani hii. George Smith, mwaka 1985, alionyesha unaweza kuingiza kipande cha jeni kwenye virusi vya bakteria ili virusi vivae peptidi unayotaka mgongoni, na jeni lake limo tumboni. Tengeneza mamilioni, kila kimoja kimevaa peptidi tofauti. (Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Nobel ya kemia 2018.) Ruoslahti na Renata Pasqualini wakachukua mkusanyiko huo, wakauchoma kwenye mshipa wa panya hai, wakasubiri dakika chache, kisha wakatoa kiungo wanachokitaka na kuangalia virusi gani vimebaki humo. Wakavizalisha, wakavichoma tena kwa panya mwingine, na tena. Yaani mwili wenyewe ndio unaochagua nani anajua njia. Mwaka 1998 kundi hilo likafunga doksorubisini kwenye peptidi ya RGD iliyopatikana hivyo, na kwa panya wenye kansa ya matiti dawa ikafanya kazi vizuri zaidi na sumu ikapungua.

Halafu 2009 ikaja iRGD, herufi tisa: CRGDKGPDC. Hii ina akili. Kwanza inanasa intigrini kwenye mshipa wa uvimbe kama RGD yoyote. Palepale kimeng'enya cha uvimbe kinaikata, na mkato huo unafichua mkia mpya ambao sasa unanasa kipokezi kingine, neuropilini-1. Neuropilini ikishikwa, seli zinafungua kama mkondo wa kupitisha vitu kutoka kwenye damu hadi katikati ya uvimbe. Na hapa ndipo nilipokuna kichwa: dawa haihitaji hata kufungwa kwenye peptidi. Ukizichoma pamoja, dawa inafuata mkondo.

Roger Tsien, yule wa Nobel ya protini zinazong'aa, alikuja na wazo la ukatili zaidi mwaka 2004. Akachukua mnyororo wa arginini, mkorofi unaoingia popote, akaufunga mdomo kwa mnyororo wa glutamati wenye chaji hasi. Chanya na hasi zinakumbatiana, peptidi inatulia, haiingii popote. Kamba inayoziunganisha ni ile inayokatwa na vimeng'enya ambavyo uvimbe hutoa ili kujipanua. Uvimbe unakata kamba kwa mkono wake mwenyewe, kifuniko kinaanguka, arginini zinaachiwa hapohapo.

#10 Mchokonozi

Hiyo ya Tsien nimeipenda. Unamwachia mwizi afungue mzigo wenye mtego.

#11 Sindano_Taratibu

Wakuu, mimi ni muuguzi wa wodi ya dawa za mionzi. Nawasoma kimya tangu asubuhi, ila naona mnazungumza panya tu. Kuna peptidi inayofanya kazi hii kwa watu SASA HIVI, na ninaichunga kila wiki.

Inaitwa Lutathera. Ulaya waliiruhusu 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, Januari 2018. Ni kwa uvimbe wa neuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) wa tumbo na kongosho. Seli za uvimbe huo mara nyingi zimejaa vipokezi vya homoni ya somatostatini. Homoni yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache, kwa hiyo wakatengeneza kifani chake chenye asidi amino nane, kigumu kutafunwa, wakakifunga lutetiamu-177 inayotoa mionzi. Nusu-uhai wake, yaani muda wa mionzi kupungua nusu, ni siku 6.6 hivi. Mgonjwa anapata dozi nne, kwa kawaida kila baada ya wiki nane.

Kuna jambo moja mtu wa maabara hatawaambia. Peptidi hizi zinachujwa na figo na figo zina tabia ya kuzivuta zirudi, zikabaki nazo, zikaungua. Basi kabla na wakati wa dawa tunaning'iniza mfuko mwingine wa majimaji yenye arginini na laisini (ndiyo, zile zile za mleta uzi!) kwa wingi, figo zinashughulika kuvuta hizo, peptidi yetu inapita kwenda kwenye mkojo. Mgonjwa anachefukiwa kwa huo mfuko kuliko kwa mionzi yenyewe. Dawa ya kuzuia kutapika naitoa mapema, sisubiri aombe.

#12 Bawabu_wa_Seli

Sindano_Taratibu, asante sana. Umenisaidia kusema nilichokuwa nakizungukia.

Tazameni kwa nini hii ilifika kwa watu na nyingine nyingi zikakwama. Ina mlango wake maalumu, sawa. Ila zaidi ya hapo, mzigo wake HAUHITAJI KUTOKA KWENYE KIFUKO. Peptidi inamezwa na seli, inafungiwa kwenye endosomu kama ile yangu ya kijani, inaenda kinuni, na mionzi haijali. Inapiga kupitia ukuta wa kifuko, ukuta wa kiini, hadi seli za jirani, umbali usiozidi milimita 2 hivi. Sanduku limefungwa, lakini bomu limo ndani.

Dawa ya kemo haina bahati hiyo. Lazima itoke, na kabla ya kutoka lazima ifunguliwe kutoka kwa mpagazi. Hicho kifundo nacho ni mtihani. Kikilegea, dawa inamwagika kwenye damu kabla haijafika. Kikikaza, inafika na kubaki imefungwa. Wengine hutumia kifundo cha salfa mbili, kwa sababu glutathioni inayokikata ni nyingi sana ndani ya seli na kidogo nje. Wengine hutumia kifundo kinachokatwa na katepsini B ya kwenye lisosomu, yaani wanamtumia yule yule wa kinuni kama mfunguaji. Mimi nilitumia cha salfa, na sitasema kilinipa matokeo gani, bado nina hasira.

#13 Binti_Kokotoo

Tupeni namba za Lutathera basi. "Inafanya kazi" maana yake nini?

#14 Sindano_Taratibu

Jaribio lake la awamu ya tatu lilikuwa na wagonjwa 229, wenye uvimbe wa utumbo wa kati. Nusu walipata Lutathera pamoja na dozi ya kawaida ya oktreotaidi (kifani cha somatostatini kisicho na mionzi), nusu oktreotaidi ya dozi kubwa peke yake. Baada ya miezi 20, makadirio ya ambao ugonjwa haukuwa umesonga mbele yalikuwa asilimia 65.2 kwa kundi la kwanza na 10.8 kwa la pili.

Ukija kwenye kuishi kwa jumla, matokeo ya mwisho: miezi 48 dhidi ya 36.3 kwa wastani wa kati. Tofauti ipo ila kitakwimu haikufikia mstari, yaani inaweza kuwa bahati tu. Kumbuka zaidi ya theluthi moja ya kundi la pili walikuja kupewa tiba ya aina hiyo baadaye ugonjwa uliposonga, hilo linaficha tofauti. Na wengi hawaponi. Wanapata muda, na muda wenye nafuu.

#15 Kauzu_Mstaafu

Miezi yenye nafuu sikatai. Na zile zilizokwama? Hizo hatusimuliwi.

#16 Bawabu_wa_Seli

Zoptarelini: doksorubisini iliyofungwa kwenye kifani cha homoni ya LHRH. Anwani ipo, mzigo upo, kifundo kipo, kwenye makaratasi ni tamu. Ikafika awamu ya tatu, wagonjwa zaidi ya 500 wenye kansa ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Mwaka 2017 ikaonekana haiwashindi waliopewa doksorubisini kavu kavu. Ikaishia hapo.

Melflufeni ina kisa cha kusikitisha zaidi. Ni peptidi fupi kabisa yenye melfalani, dawa ya zamani. Inapenda mafuta, kwa hiyo inapenya utando yenyewe, na ndani ya seli za mayeloma (kansa ya uboho) kuna vimeng'enya vingi vya kukata peptidi. Vikiikata, melfalani inabaki mle bila njia rahisi ya kutoka. FDA iliiruhusu kwa haraka Februari 2021, kwa masharti kwamba jaribio kubwa lithibitishe. Jaribio likaja na ishara kwamba waliopewa melflufeni walikufa mapema kuliko waliopewa dawa ya kulinganisha. Mtengenezaji akaiondoa sokoni Marekani mwaka huo huo, na FDA ikafuta kibali rasmi Februari 2024. Ulaya wao, 2022, wakaipitisha kwa wagonjwa wa aina fulani tu. Takwimu zile zile, wasomaji wawili. Mimi naona Marekani walikuwa sahihi, lakini najua madaktari wanaobisha, na si wajinga.

Angalieni kwamba melflufeni ilishaumaliza kabisa mtihani wa kuingia. Haikutosha.

#17 Jabali_Online

Mada nzuri. Kuna page inauza peptidi za kujidunga nyumbani, wanasema zinasaka seli za kansa zenyewe na kuziua. Kichupa kinakuja na unga mweupe unachanganya na maji. Shangazi yangu anataka aache kemo aanze hizo. Mnashauri dozi gani?

#18 Sindano_Taratibu

Hakuna dozi. Naomba umzuie shangazi kwa heshima zote, leo hii.

Unga huo mara nyingi una lebo ya "kwa utafiti tu", maana yake hakuna aliyehakikisha kilichomo, kipimo chake, wala kama hakina vijidudu. Mtu wa kemo kinga yake iko chini. Sindano chafu moja kwake ni homa ya kulazwa.

#19 Bawabu_wa_Seli

Naongezea kwa Jabali. Peptidi ya kupenyeza ikiwa peke yake ni mpagazi asiye na mzigo, haiui kitu. Peptidi ya kunusa ikiwa peke yake inanusa na kuondoka kwa figo. Na baadhi ya peptidi zinazouzwa kwa ajili ya "kuponya majeraha" zinasifiwa kwa kuchochea mishipa mipya ya damu. Mishipa mipya ya damu, kwa mtu mwenye uvimbe. Rudi usome #9 uone uvimbe unaitaka kwa kazi gani.

Na hizo za vidonge ndiyo kabisa, tumbo litazikata kama nyama yoyote.

Kama shangazi amechoka na kemo, hilo ni jambo halali la kumwambia daktari wake. Kuna kupunguza dozi, kuna kubadili dawa, kuna kupumzika. Aseme.

#20 Jabali_Online

Nimewaelewa. Nampigia sasa hivi. Atanikasirikia maana ameshalipa.

#21 Kitindamimba

Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu ana uvimbe wa neuroendokrini wa utumbo mwembamba, umefika kwenye ini. Daktari alitaja "tiba ya vipokezi" haraka haraka na sisi tukaitikia tu kama tumeelewa. Ndiyo hii ya #11?

#22 Sindano_Taratibu

Pole na kuuguza, mdogo wangu. Inawezekana kabisa ndiyo hii. Lakini hapewi mtu mpaka ionekane uvimbe wake una vipokezi. Kuna picha maalumu: anachomwa peptidi ya ukoo huo huo, ila badala ya lutetiamu imefungwa galiamu-68, ambayo inawasha picha badala ya kuua. Pakiwaka kwenye uvimbe na ini, basi mlango upo. Pasipowaka, dawa haina pa kuingilia na ni bora mjue mapema. Muulizeni daktari hivi: "Picha ya vipokezi lini, na figo zake zikoje?" Maswali mawili hayo yanatosha kuanzia.

#23 Kitindamimba

Tumeuliza. Figo ziko vizuri, picha ni Alhamisi. Baba anauliza kama itauma na kama atakaa na mionzi nyumbani kwa wajukuu.

#24 Sindano_Taratibu

Haiumi, ni sindano ya mshipa tu, halafu anasubiri saa moja hivi kabla ya kulazwa kwenye mashine. Anywe maji ya kutosha, akojoe kabla ya picha. Kuhusu wajukuu: nusu-uhai wa galiamu-68 ni dakika 68 hivi. Ikifika jioni imebaki chembe. Kwa siku hiyo wampe nafasi kidogo kama watakavyoelekezwa pale, basi.

#25 Kitindamimba

68 na dakika 68? Alikuwa mwalimu wa hesabu, hilo litampendeza kuliko majibu yote. Nitarudi Ijumaa.